Mikate ya Wageni wa Ludara

Harufu ya unga wa ngano unaoungua siiwezi. Mume wangu hunicheka, husema binti wa muoka mikate anawezaje kukimbia moshi wa jikoni. Namwacha acheke. Yeye hakuwako Koboko, huku kaskazini mwa Uganda, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, hakuiona nyumba yetu nyuma ya soko, wala tanuri ambalo mama alilijenga uani kwa mikono yake, kwa udongo wa kichuguu, akalikandika kwa majivu mpaka likawa laini kama chungu. Nyumba nzima ilinuka hamira. Beseni la unga uliokandwa lililala chumbani kwetu watoto, limefunikwa blanketi la jeshi la marehemu baba, na sisi tukajikunyata kwa shuka. Nilipolalamika, mama alinijibu kwamba unga ukipata baridi hatuli, bali mimi nikipata baridi nitapiga chafya tu. Ndivyo alivyokuwa, maneno machache na hakuna rufaa.

Nikisema sisi watoto, nina maana mimi na Candia. Candia hakutoka tumboni mwa mama. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyemzaa nyumbani kwetu kabla ya kuolewa, akaugua, akapelekwa hospitali ya Kuluva, akarudishwa amefunikwa kanga. Mtoto hajaota hata jino. Mama akampa jina hilo la Candia ambalo Walugbara huwapa watoto waliozaliwa kwenye taabu, akamfunga mgongoni, akaendelea kukanda unga. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na ile kazi niliiona kwa macho yangu: maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupozwa, homa za usiku, mama akizunguka uani huku akimwimbia nyimbo za kambini. Sisi tulikuwa watu wa kambi. Baba alikuwa askari, na kwetu tulisema Kiswahili kile cha jeshi na soko, kisichojali sana sarufi. Nilipojifunza Kiswahili cha vitabuni baadaye nilikipenda, lakini sijawahi kukasirika wala kulia kwa hicho.

Msimu ninaoukumbuka ni ule Candia alipokuwa ameanza kukimbia na kusema maneno yake nusunusu. Mama hakutaka mtoto wa kumtazama kazini, alitaka mtoto wa kufanya kazi, basi akampa donge lake la unga na kibao chake. Weee! Unga ulienda kila mahali: masikioni, puani, kwenye mkia wa paka. Alitengeneza nyoka, akamla mbichi, akatengeneza mwingine. Mimi nilipigwa makofi kwa kumaliza sukari, yeye akimwaga kopo zima mama alisema, "Mutoto iko najifunza." Niliona wivu, sikatai, lakini wivu wenyewe haukudumu, maana alikuwa akija kunilalia mapajani na mikono yake yenye kunata, ananiita "Yaya," yaani dada, nami moyo unayeyuka kama samli.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya kupima moto. Mama hakuwa na saa wala kipimo. Makaa yakishaondolewa ndani ya tanuri na sakafu yake ikafagiwa, alichukua unga mkavu kidogo kwa vidole na kuurusha ndani. Unga ukigeuka mweusi papo hapo, moto bado ni mkali, mikate itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Ukigeuka taratibu rangi ya kahawia, ingiza mikate. Candia alibebwa kiunoni, mbali na mdomo wa tanuri, akarusha unga kwa mkono wake mdogo, kisha mama akamuuliza kama anavyomuuliza mtu mzima, "Sasa, mzee, moto iko namna gani?" Unga ukiwa mweusi alipiga kelele, "Bado!" Ukiwa wa kahawia, "Tia!" Wateja waliokuja kusubiri mikate ya kupeleka Kaya, mpakani, walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mama hakuwa na mazoea ya kucheka tangu baba afe, lakini kwa Candia alicheka, na mimi nilimpenda yule mtoto hata kwa hilo peke yake.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa Ludara wanakuja. Baba yake Candia alikuwa Mkakwa wa huko, dereva wa malori yaendayo Yei, naye alikufa njiani upande wa Sudan Kusini bila kuja kwetu kujitambulisha rasmi. Miaka ile yote ukoo wake ulikaa kimya. Sasa walituma ujumbe kwamba watafika na mbuzi, walipe kinachotakiwa, wamchukue mtoto wao. Mjomba alitoka Dadamu kuja kuzungumza na mama. Alisema jambo hilo halina mjadala, mtoto wa kiume ana kwao, mbuzi wakifika lazima wapokelewe, na mama aandae chakula. "Wakikula, maneno imekwisha," alisema mjomba. "Wakikataa kula, basi wao nakataa sisi, watarudi na mbuzi yao." Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilichokuwa nakiomba Mungu anakijua: mbuzi wale wafie njiani, wote.

Siku yenyewe mama aliamka mapema kama siku zote, akakanda unga mwingi, wa maziwa na mayai, unga wa sikukuu. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji gani hao wanaopona? Candia alikuwa na furaha ya kupita kiasi kwa sababu ya unga mwingi na kanzu mpya aliyoshonewa. Alikanda na sisi, akaimba, akampiga paka kibao, akapaka unga shavuni mwa mama, na mama hakuufuta. Hakuna aliyemwambia mikate ile ni ya nini. Ungemwambiaje? Nilimtazama akifinyanga nyoka wake, nikatoka kwenda nyuma ya choo kulia, nikanawa uso, nikarudi.

Makaa yalipotolewa, mama alimbeba kama kawaida. Candia akarusha unga. Uligeuka mweusi palepale. "Bado!" akapiga kelele. Mama akamtua chini, akachukua bati la kwanza la mikate, akaliingiza. Candia akashangaa. "Mama, bado! Bado, mama!" Alivuta nguo yake, akamtazama kila mmoja wetu kana kwamba tumepoteza akili. Mama akaingiza la pili, la tatu, akafunga mdomo wa tanuri kwa bati, akakaa chini palepale na miguu imenyooka. Yeye ambaye hakuwahi kuunguza mkate hata siku ya matanga ya mume wake. Hapo nikaelewa anachokitaka, nikakaa karibu naye, moshi ukaanza kutoka, na Candia akalia kwa ajili ya mikate yake.

Wageni walikuwa wazee wa kiume watatu na bibi mmoja mwembamba, mama mzazi wa yule dereva. Mbuzi walifungwa kwenye ua. Mjomba alipoona mikate ile nusura azimie. Nje mkaa, ndani uji. Wazee wakatazamana. Mmoja akarudisha kipande chake kwenye sinia, nami moyo ukaruka kwa furaha, nikajua wanakataa, wanaondoka. Lakini yule bibi alikuwa tayari anatafuna. Alikula polepole, ganda jeusi likivunjika mdomoni, akameza, akachukua kipande kingine. Kisha akasema na mama, si na wanaume.

"Mama ya nyumba, mkate yako imeungua, mimi naona. Na mimi najua sababu. Mimi nazaa kijana moja tu, yeye nakufa barabarani, hata kaburi yake mimi hapana jua. Mtoto hii ndiyo nabakia. Hata wewe napatia mimi jiwe, leo mimi nakula."

Wazee wakaokota vipande vyao, wakala. Mama akajifunika uso kwa kanga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale uani walikuwa wawili waliokuwa wakiujua, na mtoto alikuwa mmoja. Ningalimchukia yule bibi ningalipata nafuu. Sikuweza.

Candia aliondoka amepakiwa mbele ya baiskeli, ana donge la unga mkononi, akidhani anapelekwa matembezi. Alitupungia. Kilio tulikisikia walipofika kona ya msikiti, alipogeuka akaona hatufuati.

Mama alikwenda Ludara mara moja tu. Mtoto alimng'ang'ania mpaka wakambandua, akakataa chakula kwa siku kadhaa, na bibi yake akatuma mtu kutuomba, kwa heshima, tumpe nafasi azoee. Tukampa. Halafu tukahamia Dadamu kwa wajomba, na mama hakujenga tena tanuri, aliuza nyanya. Kila mwaka alisema, "Mwaka kesho mimi itaenda kuona yeye." Mwaka ukapita, akaona haya ya kuchelewa, na kadiri haya ilivyozidi ndivyo safari ilivyozidi kuwa ndefu, ingawa Ludara si Ulaya.

Sasa naishi Arua mjini. Nina jiko la umeme lenye kioo na kengele, nina binti wa miaka miwili anayepanda kigoda kukanda unga nami, anayejua kubonyeza vitufe vyote. Umeme ukikatika tunakula keki mbichi tukicheka. Watu huniambia watoto wa siku hizi wana bahati, na ni kweli, lakini bahati yake kubwa si jiko. Hakuna atakayekuja na mbuzi kunibandua naye.

Mama tulimzika mwaka huu, pale Dadamu. Asubuhi ya maziko kijana mmoja mrefu alishuka kwenye pikipiki, akanijia akiwa amevua kofia. "Pole sana, mama. Mimi iko Lado, natoka Ludara. Wazee wetu ndiyo natuma mimi, wanasema hapa iko wakwe. Mimi marehemu sikujua yeye."

Uso wake ulikuwa wa mama mtupu: alikuwa Candia. Wao walimpa jina lao, kumbe. Nikamwambia. Palepale, mbele za watu, nikamwambia yote, mgongo uliombeba, jina, unga, mpaka kona ya msikiti. Kisha akauliza neno moja tu: "Mbona hamkuja?"

Sababu ninazo, nimeziandika hapa juu. Mbele yake hata moja haikusimama. Nikabaki nalia, naye akarudi kukaa upande wa wageni.

Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu watupe udongo, nilimtafuta kwa macho ili nimwite. Alikuwa amekwisha simama, anakuja, analia kwa sauti kubwa bila kumwonea haya mtu. Mama alimngoja miaka yote ile, na siku aliyokuja kwa miguu yake mwenyewe, alikuja kumfukia.