Nani Amechinja?

Enzi zetu, na ninyi mliovuka mpaka wa Malaba mmeshika upindo wa kanga ya mama mtanielewa, kwenda Uganda kulikuwa ni kwenda kula. Sisi tulitoka Mumias kila likizo ya Agosti kumtembelea mama yetu mdogo aliyeolewa Mbale, mtaa wa Nkoma. Kabla mabegi hayajashushwa, pua zetu zilikuwa zimeshafika sokoni: sambusa za kwa Wahindi, malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa na karanga, na zaidi ya yote, soseji. Si hizi za pakiti. Ulikuwa utumbo wa ng'ombe ulioshindiliwa nyama, vitunguu na pilipili manga, ukigeuzwa juu ya makaa mpaka mafuta yanalia.

Lakini tulikuwa na Mama. Mama hakununua nyama ya ugenini bila kuuliza, "Nani amechinja?" Na jibu la "Muislamu" halikumtosha. Alitaka jina, na akishapata jina alitaka kumwona mwenyewe. Basi msafara mzima, mabegi kichwani, unakwenda kumtafuta mchinjaji. Soseji zinapoa, sisi tunameza mate. Asipopatikana tulinunuliwa gonja, ile ndizi ya kuchoma. "Ndizi haichinjwi," Mama alisema, na mjadala ukaishia hapo. Gonja niliila mpaka nikaichukia.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, uzalendo ulinishinda. Mama alikuwa anachagua vitambaa, nami nikajisogeza kwa mchomaji, akanionjesha kipande. Nilikimeza karibu kizima, nikafuta mdomo kwa shati, nikarudi mpole kama mtoto wa maulidi. Vidole nilivisahau. Mama aliishika mikono yangu akainusa, mmoja baada ya mwingine. Akanikokota mpaka kwa yule bwana.

"Nani amechinja?"

"Mama, amechinja Hamisi, ile mzee ya karibu na msikiti. Mimi najua yeye."

Tukaenda kwa Hamisi. Tulimkuta, kisu mkononi, akakiri kwamba ndiye aliyemchinja ng'ombe yule. Nikashusha pumzi. Tukarudi, Mama akanunua soseji za kila mtu, za moto, kisha akanigeukia: "Nyama ni halali. Kosa ni wewe kula kabla ya kujua." Mimi nikapewa gonja. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Rehema, mwenye miaka kumi na saba, akaione Jinja, nikamwahidi soseji ambayo hajawahi kuonja maishani. Tulipita Mbale kwanza. Pale palipokuwa na jiko la yule bwana sasa panauzwa vioo vya simu. Tukaendelea mpaka Bugembe, nje kidogo ya Jinja, na kando ya barabara kuu tukakuta kijana anakaanga soseji nyekundu, zote zimelingana urefu kama penseli. Rehema akanunua ya kwake, akaipiga picha kwa mbele, akaipiga kwa juu, akaing'ata kidogo akaipiga tena. Watoto hawa chakula kwao kinaliwa kwanza na simu. Soseji ikapoa kabisa, na safari hii hakuna aliyekuwa akitafuta mchinjaji.

Mdomo wangu ukanitangulia. "Kijana, nani amechinja?"

"Mzee, hii inakuja na boksi. Mimi sijui mtu ya kuchinja."

Hakuwa na ujeuri, hakujua kweli. Nikamwambia Rehema aiache. "Baba, si watu wote wanakula?" akasema, akaimaliza. Nikanunua gonja, nikaila nimesimama, nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Jioni, tukiwa tumefikia kwa rafiki yangu anayeishi mtaa wa Walukuba, Jinja, Mama akapiga simu kutoka Mumias. Hakuuliza habari za safari.

"Mmekula nini?"

"Gonja, Mama."

"Na mtoto?"

Rehema alikuwa ananitazama. "Naye gonja."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata.

Enzi zetu uongo ule usingefika hata mlangoni. Sasa mchinjaji ni boksi, na simu haina pua. Nilibaki nimeishika mkononi, mtu mzima na mvi zangu, nikitamani Mama angekuwepo atunuse vidole.