Mwendo Unaolipa Kodi

Katika ploti moja ya nyumba za kupanga huko Mwiki kuna kijana anayeitwa jamaa wa video. Kila asubuhi huegemeza simu kwenye mtungi wa maji, huipangusa kamera kwa pindo la tishati, hujifunga leso na kitambaa cha kichwa, kisha huvuka uani akiburuta mguu wa kushoto, mkono kiunoni, akinung'unikia bei ya sukari. Majirani hucheka hadi machozi. Mwendo huo, akiuweka mtandaoni, ndio unaomlipia kodi ya nyumba.

Jumamosi moja mama yake alifika kutoka kijijini Theta bila kupiga simu, kiroba cha viazi mgongoni. Aliingia getini akiburuta mguu wa kushoto, mkono kiunoni, na ploti nzima ikaangua kicheko. "Leo umetuweza, hadi viazi," mama mboga anayeuza pale getini akamwambia, akidhani ni jamaa wao. Jamaa mwenyewe alikuwa mlangoni pake, leso tayari kiunoni. Aliifungua haraka akaificha nyuma yake.

"Watu wa huku wana roho safi," mama alisema, akiwapungia mkono. "Kwani huwa unawaambia stori zangu?"

"Eeh, Maitu," alimjibu mama yake, akitazama viazi. "Kila siku."