Betri Iliyotazama Ukuta

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia stata ya gari ikilia na injini isishike. Watu wengine wakisikia mlio huo hufikiria fundi. Mimi hufikiria maji. Kama nilikuwa nakula, kijiko hubaki hewani.

Umeniambia gari lako linasumbua kuwaka asubuhi, na kwamba kuna mtu pale Kericho ana betri ambayo ni kama mpya, kwa bei nzuri. Sitakukataza kitu kabla hujanisikiliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mimi ndiye niliyewahi kukitembeza hicho kibaya, kwa hivyo nisikilize kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa kaunta.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alitoka Kisii akaja huku kuchuma chai, nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, na nilipomaliza kidato cha nne baba mdogo akanichukua nimsaidie katika duka lake la spea pale Silibwet. Wanaume walicheka walipoona msichana anauza spea. Nikimaliza kuwaeleza kwa nini betri waliyoshika haitaingia kwenye gari lao, kwamba taminali ya chanya, kile kichwa cha kufungia waya, iko upande usiofaa na waya hautafika, waliacha kucheka. Nilijivunia sana hilo. Nilijua kazi, na nilidhani kujua kazi ndio uaminifu wenyewe.

Jambo moja nililolijua vizuri ni kwamba betri si kama jembe. Jembe likikaa dukani miaka mitatu bado ni jembe. Betri huzeeka hata kama haijawahi kuona gari. Akiba haiozi, walisema waliotutangulia, lakini hawakuwa wameweka akiba ya betri.

Dukani kwetu ilikuwepo moja kubwa, ya gari la dizeli, imekaa kwenye kona zaidi ya miaka miwili. Haikuwa bandia. Ilitoka kiwandani ikiwa nzuri, ikakosa mnunuzi, ikasahauliwa bila kuchajiwa. Jioni moja baba mdogo alikuwa anaenda Nakuru kuleta bidhaa. Akiwa anafunga koti lake aliniambia, "Hiyo ya kona iende kwanza. Ukiuza mpya ukaiacha hiyo, itatufia hapa."

Usiku huo nikaiweka kwenye chaja. Asubuhi nikaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi plastiki ikang'aa. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imechapwa ubavuni. Sikuifuta, mwanangu, nataka ujue sikuifuta. Niliigeuza tu ule upande ukatazama ukuta. Nikajiambia kwamba mteja akitaka kusoma ana mikono ya kuigeuza.

Mchana huo wa mawingu ikasimama pikapu ya zamani mbele ya duka, injini ikiunguruma. Mzee aliyeshuka aliitwa Kirui. Alikuwa dereva wa lori la majani chai maisha yake yote hadi akastaafu, na nyumba yake ilikuwa mbele ya Chebunyo. Ndani ya pikapu alikaa mkewe, kajifunika blanketi, amekumbatia mto juu ya tumbo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji na ndiyo kwanza anatoka hospitali. Mzee alieleza kwamba betri yake ilikufa akiwa huko, walinzi wa geti wakamsukuma.

"Msichana wangu," akasema, "macho yangu siku hizi hayasomi maandishi madogo. Nichagulie wewe, kama ambavyo ungemchagulia baba yako."

Dukani kulikuwa na betri mbili za ukubwa uleule. Moja, ya rafuni, ililetwa mwezi uliopita. Mkono wangu ulipita juu yake. Ulipita, nikauona ukipita, ukashika ile ya kona. Nikamwekea mita akaona namba ikiwa nzuri, kwa sababu betri iliyotoka kwenye chaja asubuhi haikosi kuonyesha uso mzuri. Akaifunga mwenyewe kwa spana yake, akawasha, injini ikashika mara moja. Akatabasamu. Alilipa bila kuomba apunguziwe.

"Hii itanifikisha?" akauliza.

"Itakufikisha, mzee," nikasema.

Walipoondoka nilitazama upande wa Chepalungu. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, meusi. Ndipo nikakumbuka kwamba mteja mmoja wa huko aliwahi kuniambia kuna mto mbele ya Chebunyo usio na daraja, na mvua ikinyesha juu maji huja ghafla kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Nikarudi ndani. Nikapanga fyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa. Kila gari lililopita nilitoka mlangoni nikidhani amerudi kulalamika, na nilitamani arudi alalamike. Sikuwa na namba yake ya simu. Sikuwa nimeiomba, kwa maana muuzaji anayejua alichouza haombi namba.

Jirani yetu alikuwa fundi Wesley, mtu mzima, mpole wa maneno. Alikuja kuchukua brashi za stata, akaangalia kona, akaniangalia mimi.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Nani ameibeba?"

Nikamwambia. Mzee, mgonjwa, Chebunyo. Alitazama mawingu ya Chepalungu, brashi ziko mkononi.

"Kwa mvua ile ya kule atakuwa ameweka taa na waipa," akasema. "Injini ikiwa inazunguka ataenda tu. Akizima, hiyo betri haitamwashia tena."

Sijui kama niliwaza. Nilichukua ile mpya rafuni, nikaizungushia gunia, nikafunga duka la watu saa nane na nusu mchana. Wesley aliwasha pikipiki yake, akafunga spana kiunoni, nikapanda nyuma na betri mapajani. Uzito wake nausikia hadi leo.

Tulipita mji wa Bomet mvua ikianza kudondoka. Mashamba ya chai yakaisha, yakaja mahindi, halafu miti ya miiba na ng'ombe waliogeuzia mvua migongo. Kila pikapu iliyotokea mbele nilinyosha shingo juu ya bega la Wesley, tukiikaribia nikaona si yenyewe. Nilikuwa naomba, lakini ombi lenyewe lilinishinda. Ningemwambia Mungu nini? Amlinde mzee na nani? Na mimi? Pale Chebunyo Wesley alisimama akauliza, na mama mmoja aliyekuwa akiingiza magunia ya mahindi dukani akasema ndiyo, amepita, na anaendesha polepole sana. Polepole ilikuwa habari njema na mbaya pamoja.

Tuliwakuta chini kabisa mwa mteremko, palipo na mchanga, hatua chache kabla ya mto. Boneti iko wazi. Mzee Kirui alikuwa ameweka mawe mbele ya magurudumu isiteleze na alikuwa anajaribu kuisukuma nyuma peke yake, viatu vikizama. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa yamefika kwenye magurudumu ya mbele. Alipotuona alipaza sauti, "Njooni mnisaidie! Mama yuko ndani!"

Wesley na mzee walifungua mlango wakajaribu kumbeba yule mama kumpeleka juu. Alitoa kilio ambacho sitakuelezea. Mshono ulikuwa mbichi. Mzee akasema wamrudishe, wamrudishe.

Wesley akatazama maji, akatazama jiwe moja lililokuwa bado kavu. "Dakika tano," akasema. "Maji yakifika kwenye lile jiwe tunambeba hata akilia."

Nati ya taminali moja ilikataa. Mzee alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetaka kitu kikae miaka. Wesley aliigonga kwa nyuma ya spana, mkono ukateleza akachubuka vidole. Mimi nilishika gunia juu ya injini mvua isiingie, na miguu yangu ikahisi maji baridi yakiingia kwenye viatu. Sikuangalia chini. Niliangalia lile jiwe. Lililowa upande mmoja. Nati ikaachia. Ile ya kona ikatoka, ile mpya ikaingia, na mzee akapanda akazungusha ufunguo.

Ilishika. Alirudi kinyumenyume akipandisha ule mteremko, Wesley na mimi tukisukuma kutoka mbele, magurudumu yakiturushia mchanga usoni, hadi pikapu ikafika kwenye changarawe ngumu. Tulipogeuka, jiwe halikuonekana tena. Muda mfupi baadaye pale tulipokuwa tumesimama palikuwa mto.

Mzee alikuja kwangu akiwa anapangusa uso. Alidhani Mungu ndiye aliyetutuma, na alitaka kunishika mkono. "Mlijuaje?" akauliza.

Ningeweza kumwambia kwamba nilihofia mvua. Wesley hangenisaliti. Lakini ulimi wangu ulikuwa umechoka. Nikamwambia, "Nilijua hata kabla sijakuuzia, baba. Ilikuwa imekaa dukani miaka miwili."

Aliurudisha mkono wake taratibu. Kelele nilikuwa nimejiandaa nayo. Hakupiga kelele.

"Nilizima kwa hiari yangu," akasema. "Mama aliumwa na mtetemo wa injini, akaniomba apumzike kidogo kabla ya kuvuka. Nikazima, kwa sababu nilijua nina betri nzuri. Msichana wangu, nimeendesha magari mabovu tangu ujana. Gari bovu halijawahi kuniumiza, kwa maana nilijua ubovu wake, nikaenda nalo hivyohivyo. Ungeniambia betri imezeeka, pengine ningeinunua, lakini nisingezima pale. Si betri uliyoninyima. Umeninyima kujua."

Kisha yule mama akafungua dirisha. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisikia maji chini ya mlango," aliniambia. "Nikaanza kuwataja watoto wangu, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimefika wa nne."

Akafunga dirisha. Walirudi Chebunyo kwa mzee wa kanisa lao kungoja maji yapungue, na kesho yake nilisikia wamevuka salama. Baba mdogo aliporudi alininunia majuma mawili, lakini nilimwambia kwamba kuanzia siku hiyo kila betri nitakayouza nitaigeuza mteja aone tarehe, la sivyo atafute mtu mwingine. Akaona ni heri anivumilie. Mzee Kirui hakurudi dukani kwetu tena. Nilimngoja. Nilitaka siku moja aje anunue hata balbu, nijue nimesamehewa, na hakuja. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu wangu hajakua akaondoka.

Sasa tuje kwako, mwanangu, na hiyo betri ya Kericho.

Kabla hujanunua yoyote, pima kwanza kama ni betri inayokusumbua. Mwambie fundi aweke mita injini ikiwa inawaka. Kama alteneta, ile inayozungushwa na injini kuchaji betri, haifanyi kazi, utabadilisha betri kila mwaka ukimlaani muuzaji bure. Pengine ni taminali tu zimeota ule unga mweupe. Ikiwa kweli ni betri, tafuta inayolingana na injini yako na inayokaa sawa mahali pake, ifungwe isitikisike, kwa sababu barabara zetu hizi zinaua betri kuliko baridi ya Kericho. Usidanganywe na plastiki inayong'aa. Igeuze kwa mikono yako miwili usome ilitengenezwa lini. Ikiwa ni ya miezi michache, vizuri. Ikipita mwaka, mshukuru muuzaji uende. Na usikubali namba ya mita peke yake. Taka ipimwe ikiwa imebeba mzigo, stata ikivuta, hapo ndipo uongo hutoka. Nunua penye wateja wengi, maana pale betri hazipati muda wa kuzeeka, na uondoke na karatasi ya waranti yenye muhuri na tarehe ya siku hiyo. Bei? Usinunue ya chini kwa sababu ni ya chini, wala ya juu kwa sababu ni ya juu. Jiulize itakuamsha asubuhi ngapi.

Lakini hayo yote ni ya chuma na asidi, na fundi yeyote angekuambia. Langu mimi ni hili: muulize muuzaji, ukimtazama machoni, kuna jambo gani kuhusu betri hii ambalo hujaniambia? Akikasirika, ondoka. Akinyamaza, ondoka. Na kama umeshabeba kitu chenye kasoro, ukaijua, usiwafiche utakaowapakia. Waambie, ili wajue mahali pa kutozima.

Mwenyezi Mungu akutangulie barabarani, mwanangu. Akupe gari linaloshika mara ya kwanza asubuhi ya ukungu, na mito iliyopungua kabla hujaifikia. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeulizwa, akupe ujasiri wa kusema ukweli ukiwa bado mkavu miguuni.