Mkaguzi wa Mikia

Sikulala. Koloa wetu, bata wa asili wa visiwa vyetu aishiye kwenye mashamba ya majimbi, alinaswa kwenye kizimba cha mkaguzi huku vifaranga wake wakilia, na akionekana ana damu ya bata wa kigeni wanaofugwa hotelini, harudi tena mashambani. Alfajiri nilimkuta mkaguzi mwenyewe, mama ambaye kila mtu humwita Shangazi, kachuchumaa, miwani puani, mkono ndani ya kizimba. Alikuwa akikunjua mkia unyoya kwa unyoya kama anayechambua mchicha, akitafuta weupe ukingoni, alama ya mchanganyiko. Kila unyoya, "Mh."

"Shangazi, hiyo 'mh' ni nzuri au mbaya?"

"Mh."

"Hata mimi nimechanganyika! Bibi mmoja Mreno, mwingine Mjapani!"

Akanikagua juu mpaka chini, kwa macho yale yale. "Shukuru huna mkia."

Kisha akatoa mkono, na mlango wa kizimba akauacha wazi.