Kabwe na Orodha Iliyoanza na Safi

Kabwe tunapanga naye parsele moja, uwanja mmoja, huku mtaa wa Katuba, chumba chake ukuta kwa ukuta na changu. Anaandika programu za kompyuta za kupiga hesabu, watu wa nchi za mbali wanazichukua bure, na hapa mtaani hakuna hata mmoja anayejua anafanya nini. Mke hana, rafiki hana. Akiwa na neno la kusema, ananiambia mimi, Victorine muuza makala, makaa ya kupikia. Masikini wee, upweke gani huo!

Asubuhi moja akatoka bila viatu, macho mekundu.

"Mama Victorine, nilifanya kosa."

Kumbe yeye ndiye aliyetunga orodha ya majibu ambayo programu inaruhusiwa kutoa juu ya kipimo cha maji ya kisima: Safi, Chafu, Haijapimwa. Matatu tu, hakuna la nne. Lakini kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri, na mahali patupu inapajaza sifuri; na sifuri yake ilikuwa Safi, jibu la kwanza kwenye orodha. Basi kisima ambacho hakuna aliyekipima kikawa kinatoka Safi! Na shirika moja lilikuwa linawatangazia watu wa vijiji vya njia ya Kasomeno visima vya kunywa kwa programu hiyo. Mama yake mzazi anakaa huko. Kisima chake kilipimwa kweli? Kabwe hakujua.

"Aka! Si uweke Haijapimwa mbele?" nikasema. "Hata mimi gunia sijafungua, siwezi kusema makala ni mazuri."

Akasema amewaandikia wenzake wa mtandaoni wanaoitunza naye programu hiyo, watu wawili ambao hajawahi kuwaona sura. Wamemjibu angoje, orodha ikibadilishwa programu za wengine zinazoitegemea zitaharibika. Ndio hao tu alionao wa kuuliza, na mimi. Nilichemka.

"Batu banakunywa, na wewe unangoja? Unangoja nini?"

Akarudi ndani. Bukari, ugali wetu, niliyompelekea ikapoa mlangoni. Saa sita akatoka na simu mkononi: ameibadilisha orodha bila kuwangoja wenzake. Visima kumi na tisa vimegeuka Haijapimwa, cha mama yake kimo. Akampigia palepale uani, sauti ya simu juu, nikasikia yote.

"Mama, ile maji ya kisima musikunywe tena. Hakuna mutu aliipima."

"Si balisema iko safi?"

"Ni kosa yangu, mama."

Kisha mama akasema polepole, "Batu balikuwa banaogopa, banaenda kuchota ku muto. Ni mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilibaambia, kunyweni, ni kazi ya Kabwe wangu."