Nusu ya Pili ya Kila Neno

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuleta gari bovu kutoka ng'ambo, ruksa kuwakamua watoto wa wenzio ukaita tuisheni. Pale Buzuruga, nyuma ya stendi, mwalimu mmoja aliyeacha kazi ya serikali alikodi banda lililokuwa ghala la pamba, akalipaka chokaa, akatundika kibao, akaanza kutufundisha sisi wa kidato cha nne baada ya saa za shule. Jina lake silitaji ng'o, asije akapata sifa za bure.

Mali yake ilikuwa kijitabu cha maswali na majibu ya masomo yote, kimechapwa kwa stensili, ukikishika tu vidole vyeusi. Kurasa za mwisho zilikuwa na orodha ya maneno magumu ya Kiingereza. Bila kijitabu kile wenzako walikuona huna wazazi. Mama alininunulia. Mama ni Mhaya wa Bukoba, na habari ya mtoto kufeli hupanda meli kwenda kwao siku hiyohiyo. Alikuwa amepunguzwa kazi ya kupiga chapa ofisini, akawa anauza mitumba, na wateja wake wote alishawatangazia kwamba mwanawe anakwenda kidato cha tano. Nikifeli, baba mdogo alikuwa ananingoja Kisesa na mashine yake ya kusaga mahindi. Baba alishaafiki.

"Kule hakuna Kiingereza," alisema. "Kuna pumba."

Sasa sikieni tulivyosomeshwa. Mwalimu yule hakuwahi kutamka neno likaisha. Anasimama na kijitabu chake, anaanza: "Maji yakipata joto yakageuka mvuke, tunaita evapo..."

"...resheni!" banda zima.

"Nchi inaongozwa kwa konstitu..."

"...sheni!"

"Idadi ya watu ni popu..."

"...lesheni!"

Mabati yanatetemeka, mwalimu anafumba macho kwa raha. "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Tuelewe nini? Nusu ya orodha iliishia na sheni. Ungeweza kusinzia wiki nzima, ukashtuka, ukapiga kelele "sheni!" na ukapigiwa makofi. Mama muuza maandazi aliyekaa mlangoni, ambaye darasa la kwanza lenyewe hakulimaliza, alikuwa anaitikia kutushinda sote, na mwalimu akatuambia tuige mfano wake.

Mimi nilikuwa kinara. Nyumbani mama alinipima kwa mtindo uleule, anasoma mwanzo wa neno, namalizia kabla hajapumua. "Umeiva, mwanangu!" anasema, anacheka mpaka machozi. Nami nikatembea mtaani nimenyanyua kidevu, profesa mtarajiwa.

Siku ya mtihani ikafika. Msimamizi alikuwa mama mmoja mkavu kutoka shule nyingine. Akatusomea masharti: "Hairuhusiwi kuongea wala kuazi..." Akakatizwa na kikohozi.

"...mana!" tukamalizia.

Akatutazama kama tumerogwa. Kisha akagawa karatasi. Nikasoma swali la kwanza, linataka jina la lile badiliko la maji kuwa mvuke. Nikafurahi! Resheni ilikuwa mdomoni kabisa, moto moto, nangoja tu mtu anianzishie. Hakuna aliyeanzisha. Jamani, kimya kile! Nilimtazama msimamizi kwa macho ya kuomba huruma, aseme "eva" tu, Mungu angemlipa. Pembeni yangu wenzangu wa bandani walikuwa wameinua nyuso, midomo wazi, kama vifaranga. Mwisho niliandika "resheni". Ndiyo, hivyohivyo. Chini yake, kwenye swali la pili, nikaandika "lesheni", na machozi yakanitoka.

Matokeo yalipobandikwa, nilikuwa nimepata sifuri, pamoja na karibu banda zima. Baba mdogo akatuma salamu kwamba mashine imeshatiwa mafuta. Hapo mama akawaka. Akamwambia baba kosa si la mtoto, ni la yule tapeli. Baba akafikiri, akasema sawa: twendeni wote kwa mwalimu. Likiwa kosa lake, nitarudia mtihani. Likiwa langu, Kisesa.

Sikuwahi kumpenda mama kama asubuhi ile. Alivaa gauni la kanisani, akanishika mkono kwa nguvu njia nzima. "Leo atanieleza," alikuwa anasema. "Atanieleza!"

Tulikuta wazazi wamejaa bandani, wamefura. Mwalimu akatoka taratibu, shati jeupe, kijitabu mkononi, akasimama palepale anaposimama siku zote.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba," wakajibu, shingo upande.

"Wazazi, tuseme ukweli. Mwalimu alikuwepo?"

"Ndiyo."

"Kijitabu kilikuwepo?"

"Ndiyooo."

"Ila watoto wenu hawaku..."

"...soma!"

Mabati yakatetemeka. Walijibu wote, na juu ya sauti zote niliisikia moja, nyembamba, ya Kihaya, iliyonifundisha sebuleni mwezi baada ya mwezi. Mama akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lilikuwa limeshatoka.

Baba hata hakumtazama mwalimu. Alinigeukia mimi.

"Umemsikia mama yako," akasema. "Kafunge mzigo."