Mkoba Uliobana Kadi za Tumati

Siku niliporipoti Katesh kwenye mradi wa kuhesabu mifugo, Mratibu hakunikaribisha hata kiti. Alinitazama toka kofia mpaka viatu, akasema, "Wewe ndiye fundi wa redio za serikali? Hizi si redio, mzee. Usije ukazifungua kwa bisibisi ya baiskeli." Mimi, niliyetengeneza redio koli za Mbulu na Hanang zaidi ya miaka ishirini! Serikali ilipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, miradi inaingia kila kukicha, na kila mradi una gari lake na bosi wake. Nikameza, nikasaini mkataba.

Ninyi mliokua na simu za kupapasa hamtazijua zile kompyuta za mkononi tulizohesabia mifugo. Zilikuwa na ukubwa wa kiganja, unaandika kwa kijiti cha plastiki, na betri ikikata, vilivyomo ndani vinafutika vyote. Ndiyo maana kichwani ilichomekwa kadi ya kumbukumbu, bapa ndogo kama kipande cha biskuti. Ukiisukuma inaingia na kushika. Ukiisukuma tena, springi inairusha nje. Mhesabuji akimaliza boma moja anabonyeza "hifadhi", taa ndogo nyekundu inapepesa, na mpaka izime hutakiwi kuigusa kadi. Ikichomoka katikati ya kuandika, mashine inaganda na kadi haisomeki tena. Siku nzima ya kazi imekwenda na maji.

Kati ya wahesabuji sita, kadi za mtu mmoja ndizo zilizokufa mfululizo. Alikuwa Martina, mama wa makamo, ofisa mifugo aliyezaliwa kata ya Tumati, hukohuko alikopangiwa kuhesabu, na kuyajua mazizi yote ya kata ile. Nilisafisha kwa spiriti miguu ya kadi, vile vibati vinavyogusana na mashine. Nilibadilisha betri. Mwisho nilimpa mashine ya mwenzake na mwenzake nikampa ya kwake, kwa sababu fundi lazima ajue kama ugonjwa unakaa kwenye chombo au unatembea na mtu. Ugonjwa ukamfuata Martina.

Mratibu alifurahi, nawaambia. Alifurahi! "Sasa umeona? Huyo mama hafiki huko. Anatunga ng'ombe akiwa jikoni kwake, halafu anaharibu kadi tusijue." Akamwandikia barua: ajieleze ndani ya siku saba, la sivyo anafukuzwa, na halmashauri itaarifiwa kwamba ni mwongo.

Martina alinijia karakanani na barua mkononi. "Fundi," akasema, "nikikosa kazi nitalima, jembe ninalo. Lakini Jumapili nitakaa benchi gani kanisani, watu wakisikia niliandika ng'ombe hewa kwenye maboma ya wazee wangu?" Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, kwa hasira.

Kesho yake nilipanda naye Tumati. Boma la kwanza lilikuwa la kijana aliyeoa juzi. Mashine ikafanya kazi vizuri. La pili vilevile. La tatu lilikuwa la Mzee Bura. Mkewe alitukaribisha ndani, Martina akauliza maswali yake, akabonyeza "hifadhi." Taa ikaanza kupepesa, na papo hapo Mzee Bura akaingia kutoka zizini.

Martina akasimama. Aliisokomeza mashine kwenye mkoba wa ngozi aliopewa na mradi kama wenzake, akaisukuma kabisa hadi chini ili mikono yote miwili iwe huru, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena? Si ulishawahesabu hawa?"

Alipoitoa, mashine ilikuwa imeganda na kadi imechungulia nje. Nikaushika ule mkoba. Jamani! Ulikuwa mfupi. Mashine ilitumbukizwa kichwa chini, na mshono wa chini uliibonyeza kadi barabara, springi ikairusha. Ukiitia baada ya taa kuzima hakuna hasara, unairudisha tu. Ukiitia taa ikipepesa, umeua. Na aliyeagiza mikoba ile kwa fundi viatu, bila kupima, ni Mratibu mwenyewe.

"Kwa nini wenzako hawaharibu?" nilimuuliza Martina njiani, ingawa jibu nilishaliona. Wenzake walikuwa vijana wa kutoka mjini. Wao walisalimia wakiwa wamekaa, macho kwenye kioo.

Siku ya sita nikamleta Mratibu hadi kwa Mzee Bura. Alisema anataka kujaribu mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda, akajaza, akabonyeza. Mzee akaingia. Mratibu hakuinua hata kope. "Za saa hizi," alisema, kijiti kikiendelea kugonga. Mtu mwenye umri wa baba yake, ndani ya nyumba yake!

Taa ikazima salama. "Mbona yangu haigandi?" akatuuliza, anacheka.

"Haigandi kwa sababu hujasimama!" nilimfokea. Sikujali mkataba. Nikamwonyesha mkoba, nikamwonyesha mshono, nikaisukuma mashine mbele ya macho yake hadi kadi ikaruka.

Mzee Bura akamgeukia Mratibu. "Wewe unasema binti huyu hakufika kwangu?"

"Kwenye kadi hakuna, mzee."

"Kwenye kadi sijui. Mimi nilikuwepo. Kwani mimi si mtu?"

Mratibu akakohoa. Mnadhani aliomba radhi? Thubutu! Alitoa amri: kuanzia leo, marufuku kusimama taa ikipepesa. Martina akamjibu mbele ya wote, "Basi nifukuze leo. Siwezi kumpa mzee shikamoo nimekalia makalio." Ndipo nikatoa wembe mfukoni. Nilipasua mshono wa mkoba wa Martina hapohapo, kichwa cha mashine kikapata pa kupumulia, na jioni nikapasua ya wenzake watano. Hatukupoteza kadi nyingine. Barua ya Martina ilichanwa kimyakimya, na kwenye ripoti Mratibu akaandika kwamba "watumiaji wameelimishwa". Pole hakumpa.

Sasa nimestaafu, nalima mbaazi Nangwa, na mafundi simu wa Katesh huniletea vilivyowashinda. Huwa nawaambia wamtazame kwanza mwenye chombo anavyoishi nacho, ndipo washike bisibisi. Wengine wananisikia.

Mradi ulipofungwa nilikabidhiwa vifaa vyote nivihesabu. Mikoba sita ilikuwa imepasuliwa chini na kuchakaa kwa kuingizwa na kutolewa. Wa saba ulikuwa wa Mratibu. Ulikuwa mzima, mshono wake haujaguswa, na ngozi yake bado mpya kama siku ulipotoka kwa fundi viatu.